Koti Lililoraruliwa Kushoto

Wiki ya kwanza ya kurekodi filamu, Tirtsa Velleman alianza kuota ndoto isiyokuwa yake.

Ndani ya ndoto hiyo alikuwa mfupi. Aliiona dunia kwa chini: pindo la koti la kahawia, viatu vya kike vilivyolowa, na kifungo kimoja kikubwa kilicholingana sawasawa na mdomo wake. Juu ya kifungo kulikuwa na ukungu. Alijua kuwa ndani ya ukungu ule mna uso, na uso huo unamtazama, lakini kila alipoinua kichwa, ukungu nao ulipanda juu zaidi. Halafu tramu ilipita bila sauti yoyote, na ilipokwisha kupita, koti halikuwapo. Aliamka akilamba midomo, ana ladha ya kifungo.

Ndoto hiyo ilikuwa mali ya baba yake. Salo Velleman aliuza achari maisha yake yote katika duka la kona mjini Amsterdam, matango na vitunguu na kabichi kwenye mapipa, na habari ya lile koti alimsimulia binti yake mara moja tu, siku Tirtsa alipokuwa mtoto mwenye homa na baba mtu hakudhani anasikia. Salo alikuwa na miaka minne. Wayahudi wa mji walikuwa wamefungiwa kwenye jumba la maonyesho wakingoja treni za kwenda kambi za mauti, na watoto wadogo waliwekwa nyumba nyingine, ng'ambo ya barabara. Tramu ilipopita katikati na kumziba mlinzi macho, msichana mmoja mwanafunzi alitoka mbio upande wa pili, mtoto kwapani. Mtoto huyo alikuwa Salo. Aliyemkabidhi ni mama yake mwenyewe.

Alifichwa Friesland kwa wakulima wa viazi, akaitwa Sietse, akajifunza kuogopa ng'ombe na kumwimbia Yesu. Vita vilipokwisha mjomba wake akaja kumchukua. Salo akauliza mama yuko wapi. Mjomba akasema, "Hajarudi."

Basi neno hilo likahamia nyumbani likakaa kama kabati. Hajarudi. Miaka ikapita, kabati liko palepale, watu wanalizunguka. Hakuna aliyethubutu kusema amekufa, na jina lake halikutajwa; alikuwa "mama" tu. Mwaka mmoja mjomba alimwashia mshumaa wa kumbukumbu, ule unaowashwa kwa ajili ya marehemu. Salo, wakati huo kijana tu, alisimama mezani, akachukua kofia yake, akatoka. Hakuikanyaga tena nyumba ile, hata siku mjomba alipozikwa. Ndivyo alivyokuwa. Mtu mpole, wa mizaha, anayekuongezea tango la bure kwenye mfuko. Lakini akisimama akatoka, ametoka.

Halafu akazaliwa Tirtsa. Kwetu Wayahudi mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo. La mtu aliye hai hatumpi, ng'o, ni kama kumkonyeza malaika wa mauti. Siku ile kila mtu alimtazama Salo, maana kama kulikuwa na mwanamke anayestahili kurithiwa jina, ni yule. Salo akasema, "Ataitwa Tirtsa." Mama mkwe wake alinuna wiki nzima. "Tirtsa ndiye nani? Mmemwokota kwenye tramu?" Salo akajibu kwamba limo kwenye Torati, akarudi kwenye matango yake.

Huyo Tirtsa sasa alikuwa mwigizaji, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu anazozificha, na alikuwa amepewa nafasi kubwa kuliko zote maishani mwake. Filamu ilihusu mwanamke wa Amsterdam anayemtoa mwanawe, kisha anapelekwa kambini. Alimwendea baba yake jikoni kumwambia, akamkuta na chupa ya achari na uma.

"Utakuwa nani?" aliuliza Salo.

"Mama mmoja hivi, Baba. Anaitwa Estella."

"Estella wa wapi?"

"Wa kwenye karatasi tu. Hakuwahi kuwepo."

"Ahaa. Wako wengi hao." Akavua tango, akalitazama, akalirudisha. "Cheza. Nikukataze mimi ni nani? Umeanza maigizo una meno mawili. Lia, piga mayowe, vaa ile nyota ya njano waliyotuvalisha. Lakini nguo usirarue."

"Nguo gani tena, Baba?"

"Usinifanye mjinga. Matanga si mchezo, anayerarua nguo ni mfiwa. Ulipokuwa mdogo ulimzika mwanasesere chini ya sinki ukalirarua gauni lake. Unakumbuka nilikufanya nini?"

"Ulinichapa. Siku hiyo tu."

"Na nikashinda siku mbili siwezi kula. Niahidi."

"Nakuahidi. Wala kwenye hadithi hamna kitu kama hicho."

Na kweli hakikuwamo. Tirtsa hakuwa mwongo siku ile. Mkosi uliingia baadaye, na aliyeingia nao ni Sjoerd.

Sjoerd Hazelaar alikuwa mwongozaji wa filamu hiyo, Mfrisia mrefu kama mlingoti, si Myahudi, lakini mtu wa kuuliza maswali. Kila jambo alilotaka kulirekodi alikwenda kwanza kwa rabi kuliuliza. Siku moja alirudi kutoka huko macho yanawaka, akamshika Tirtsa mkono.

"Nimepata sehemu iliyokuwa inakosekana," alisema. "Estella yuko kambini. Anaambiwa mume wake ameuawa. Amenyang'anywa kila kitu, hana mshumaa, hana kaburi, hana hata machozi. Ana koti. Anasimama, analirarua. Rabi amenieleza yote. Mume ni upande wa kulia. Kushoto ni kwa mzazi tu, juu ya moyo. Nimeandika kulia. Umeona? Sikosei."

Alikuwa na furaha kama mwanafunzi aliyepata vema kwenye daftari. Tirtsa alitaka kusema hapana. Neno lilifika kwenye ulimi, likakaa. Akaanza kujitafutia pa kupenyea, kama sisi sote tunavyojua kufanya: kwanza ni kulia, si kushoto. Pili, yeye hana mume, kwa hiyo hamrarulii mtu yeyote. Tatu, baba amesema hatakwenda kuiangalia filamu hiyo hata wamlipe. Mambo matatu, na hakuna hata moja lililompa amani.

Walianza na sehemu ya kumtoa mtoto. Barabara ilikuwa imefungwa, tramu ya zamani imekodishwa, na ukungu wa asubuhi ulikuwa umelala juu ya mifereji, hata nyumba zilionekana zinaelea. Mtoto aliyecheza alikuwa na mafua. Katika maandishi, Estella alitakiwa kumkumbatia na kulia. Tirtsa alipiga magoti mbele yake, na kilichotokea hakikuandikwa popote. Alimfunga kijikoti chake vifungo, kimoja kimoja mpaka shingoni. Akavitazama. Akavifungua vyote. Akavifunga tena. Akafungua tena, taratibu, akafunga, kana kwamba duniani imebaki kazi hiyo tu na ikiisha na yeye ataisha. Usoni hakuwa na kitu chochote, na kutokuwa na kitu kule kulimfanya mshika maikrofoni, jitu lenye ndevu, ageuke ukutani. Tramu ilikuja. Mikono ya msichana mwanafunzi ikamchukua mtoto, na mikono ya Tirtsa ikabaki hewani, ikifunga kifungo kisichokuwapo.

Sjoerd alisahau kusema kata. Kamera iliendelea mpaka tramu ikawa nukta.

"Hivyo vifungo umevitoa wapi?" alimwuliza baadaye.

"Sijui. Mikono ilifanya tu."

Usiku ule aliota tena. Kifungo, ukungu, tramu. Kuanzia hapo hakujua vizuri mpaka uko wapi. Mchana alikuwa mama, usiku alikuwa mtoto, na saa za katikati alikunywa kahawa akiitikia jina la Estella.

Siku ya kurarua walikuwa Drenthe, kwenye nyika, penye mabanda ya mbao yaliyojengwa kwa ajili ya filamu. Dieuwke, mama wa mavazi, alikuwa ameshona makoti mawili yanayofanana. Kola ya kulia aliifumua, akaishikiza kwa uzi dhaifu, ili ivutwe tu ikubali. "Huku," alimwambia Tirtsa, akiipapasa. "Kushoto usiguse, huko ni sufu nzito na kitambaa cha katani ndani yake. Hata farasi hararui." Walicheka.

Ukungu ulishuka bila kuombwa. Mwanamke mwingine alikuja akamnong'oneza Estella habari za mume wake, akaondoka. Tirtsa alisimama, maana kurarua ni kwa kusimama, mtu hapokei pigo hilo akiwa amekaa. Alitazama mbele. Mbele hapakuwa na kitu, weupe tu, na ndani ya weupe pindo la koti la kahawia. Akawa mfupi. Hakuna aliyejua, kamera ilimwona mwanamke mrefu amesimama wima, lakini yeye alikuwa chini, ameinua kichwa, anautafuta uso. Tramu ilikuwa imeshapita. Mkono wake ukapanda, ukaiacha kola ya kulia, ukashika ya kushoto, ukavuta.

Sufu ililia. Ililia kwa muda mrefu, maana haikutaka. Kucha mbili zilivunjika. Nguo iliachana mpaka juu ya moyo, na Tirtsa akasimama pale, mkono umeshika kipande kilichoning'inia, kinywa wazi, hakuna sauti. Ndege mmoja aliruka. Dieuwke aliweka pini zake chini akalia kama msiba ni wake.

"Kata," alisema Sjoerd, kwa sauti ya mtu aliye hospitali.

Hapo ndipo Tirtsa alipotazama chini akaona ni upande gani.

Wee! Alikimbia nyuma ya lori la jenereta, simu mkononi. Mama yake alikuwa Antwerpen na mume mwingine, amepika samaki saa hiyohiyo na kuweka picha yake mtandaoni. Mzima wa afya. Alibaki mzazi mmoja. Simu iliita, ikaita.

"Baba? Uko hai?"

"Mpaka sasa, ndiyo," alisema Salo. "Kwani umesikia vingine?"

"Hapana. Basi tu."

"Mbona unahema? Umevaa vizuri? Huko nyikani kuna upepo wa kipumbavu."

Alimwambia amevaa vizuri. Koti lilikuwa linapepea kifuani.

Walirudia kwa koti la pili. Alirarua kulia, palepale palipoandaliwa, kwa adabu zote. Ilikuwa kama mtu anayefungua bahasha ya bili ya umeme. Kila mtu aliona, hata mpishi.

"Tutumie ya pili," alisema Tirtsa.

"Ya pili imekufa," alijibu Sjoerd. "Ya kwanza ndiyo filamu. Ukiitoa ile, nimebaki na mavazi na mabanda."

"Ni makosa, Sjoerd. Umemwuliza rabi mwenyewe. Nimemrarulia mzazi, na mzazi wangu yuko hai anakula matango."

"Nani ataona kushoto na kulia?"

"Wanaojua."

"Wangapi watakasirika?"

"Mmoja," alisema Tirtsa.

Sjoerd alimwonea huruma, alikuwa mtu mwema. Lakini watu wa filamu ni watu wa filamu. Ya kwanza ikakaa.

Majira yakageuka. Filamu ilikatwa, ikaungwa, ikawekewa sauti, na Tirtsa akaishi na jambo lake kama mtu mwenye mwiba kisiginoni, anatembea lakini anajua. Walioiona mapema walimpigia simu wakilia. Mmoja alisema hajawahi kuona mtu akiigiza hivyo, akasema labda hilo siyo kuigiza. Tirtsa alishukuru, akakata simu, akaenda kuosha vyombo safi.

Kisha Salo akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

"Nitakuja," alisema jikoni kwake, bila kugeuka. "Hiyo Jumapili mnayowaonyesha watu wenu. Nimepiga pasi koti la sinagogi."

Moyo wa Tirtsa ulishuka mpaka kwenye soksi. "Baba, ulisema huji."

"Nilisema. Sasa nasema nakuja. Nimezeeka, nina ruhusa ya kubadilika."

"Basi kuna jambo nataka ujue kabla. Mle ndani—"

"Nyamaza! Usinisimulie! Mama yako aliniharibia sinema zote za ujana wangu namna hiyohiyo. 'Huyo atakufa, Salo, usimpende.' Nyamaza, nitaona mwenyewe."

"Baba, nisikilize."

"Sisikii," alisema Salo, akafungua bomba la maji mpaka mwisho, akaanza kuimba. Tirtsa angeweza kupiga kelele juu ya maji. Angeweza kulifunga lile bomba. Badala yake alivaa skafu akaenda zake, na hilo alijilaumu njia nzima.

Jumapili mchana ukungu ulikuwa mzito hata baiskeli zilitokea mbele ya mtu kama samaki. Ukumbi ulikuwa wa zamani, wenye mazulia na ngazi pana ya mawe. Salo alikataa kuvua koti. Alikataa pia kukaa na binti yake kwenye viti vya heshima. "Macho yangu hayapendi mbali," alisema, akaenda safu ya tatu, kiti cha pembeni, karibu na njia ya kutokea. Tirtsa alikaa nyuma na Sjoerd, akawa anaona kisogo cha baba yake tu, na masikio mawili makubwa yanayopitisha mwanga.

Taa zilizimika. Alikuwa ameiona filamu vipande vipande, nzima hakuwahi. Mwanamke yule kwenye skrini hakumfahamu. Alikuwa na pua yake na mikono yake, lakini alitembea kama mtu anayekwenda mahali ambapo Tirtsa hajawahi kufika. Mtaa, jumba la maonyesho, watu wamekaa juu ya mabegi. Mtoto mwenye mafua. Vifungo vikafungwa, vikafunguliwa, vikafungwa. Ukumbini hapakuwa na hata mtu wa kukohoa. Kisogo cha Salo hakikutikisika. Tirtsa alikitazama mpaka macho yakamwasha, akimwomba Mungu, ambaye humkumbuka akibanwa, amtie baba yake usingizi kwa dakika chache tu.

Tramu ikapita. Nyika. Ukungu. Mwanamke ananong'onezwa. Estella akasimama.

"Usiangalie," alinong'ona Tirtsa. Sjoerd alimshika mkono.

Mkono wa kwenye skrini ukapanda, ukaiacha kola ya kulia, ukaenda kushoto. Sufu ikalia ukumbi mzima. Na pale chini, safu ya tatu, Salo Velleman akasimama.

Basi, Tirtsa alisema moyoni. Basi, ameondoka. Alimwona mjomba, mshumaa, kofia. Alihesabu viti vilivyobaki kati ya baba yake na mlango, ni hatua chache, na akajua kwamba mzee akizimaliza hatua hizo, yeye hatakuwa na baba tena. Atakuwa na mtu anayeishi mji huohuo, anayekula matango, asiyepokea simu. Alitaka kuinuka amkimbilie. Miguu ilikuwa mizito, ile mizito ya ndotoni.

Salo hakuondoka. Alisimama tu. Kwenye skrini ulibaki ukungu na kimya kirefu, na mbele ya ukungu ule mzee mdogo, mweusi kama kivuli, amesimama wima, mabega yamekaa sawa.

"Mzee, kaa basi!" alifoka mtu nyuma yake. "Tunaona mgongo wako tu!"

Hakukaa. Halafu ikasikika sauti ya nguo inararuka. Fupi, kavu. Watu walidhani ni filamu. Tirtsa hakudhani, maana filamu ilikwisha kurarua.

Taa zilipowashwa watu walisimama kupiga makofi, wengi wanalia, na wote waligeuka kumtafuta yeye. Yeye alikuwa anawapita kwa viwiko. Kiti cha Salo kilikuwa kitupu. Chini ya kiti palikuwa na uzi mweusi.

Alimkuta kwenye ukumbi wa mapokezi, penye ile ngazi pana. Alikuwa amekaa ngazi ya chini kabisa, karibu na sakafu, viatu amevivua kama afanyavyo mfiwa na kuvipanga kando, soksi za kijivu zimeelekezwa mlangoni. Koti lake la sinagogi lilikuwa limeachana upande wa kushoto, kola inaning'inia. Watu walianza kutoka na glasi mkononi, wakimpita pande zote mbili kama maji yanavyopita jiwe.

Tirtsa alikaa kando yake, na gauni lake la gharama, juu ya jiwe.

"Nilivunja ahadi, Baba."

"Ulivunja."

"Tena nilirarua kushoto. Wewe uko hai, na mimi nime—"

"Niko hai, naam. Matako yanapoa kwenye jiwe hili, maiti hasikii baridi. Nyamaza kidogo, mwanangu. Tuko matangani."

Salo aliitazama saa yake ya mkononi, kisha akashusha mkono.

"Hukunirarulia mimi pale," alisema. "Ulimrarulia mama yangu. Nilipaswa kurarua mimi, nikiwa mtoto, na hapakuwa na wa kunishika mkono. Kila mtu alisema hajarudi. Mimi nikangoja. Ukirarua umesema amekufa. Nani aseme? Niseme mimi? Niliona nikitamka tu, mimi ndiye nimemuua. Yule mjomba wangu maskini na mshumaa wake. Nilimchukia kwa sababu alikuwa anasema kweli."

"Kwa nini leo?"

"Vile vifungo," alisema Salo. "Nani alikuambia habari ya vifungo?"

"Hakuna mtu, Baba. Naapa. Mikono ilifanya tu."

Salo alitikisa kichwa taratibu, muda mrefu. Uso wake ulikuwa mwekundu na umelowa, na hakuufuta.

"Alinifunga, akanifungua. Akanifunga. Mle ndani kulikuwa na joto, watoto wengi, na mimi nilikuwa nimevalishwa sweta mbili. Nikachoka. Nikamsukuma mkono. Nikamwambia, 'Mama, basi, imetosha.' Akaacha. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, Tirtsa. Basi, imetosha. Sijamwambia mtu. Hata mama yako sikumwambia."

Tirtsa alilia waziwazi, pua na kila kitu, akamlalia baba yake begani, upande uliochanika. Mhudumu wa ukumbi alikuja, kijana mwenye tai, akainama. "Samahani, mzee, hapa ni njia."

"Wapite," alisema Tirtsa.

Kisha akaja Sjoerd na shada la maua ambalo hakujua alipeleke wapi. Aliiona kola. Akawa mweupe. "Bwana Velleman, koti lako. Tunaye fundi, Dieuwke yuko humu humu, dakika mbili tu—"

"Halishonwi hili," alisema Salo. "La mzazi halishonwi likarudi kama zamani. Rabi hakukwambia hiyo?"

"Hakuniambia."

"Basi nimekwambia mimi. Kaa kama unataka. Viatu utavaa, wewe si mfiwa."

Sjoerd akakaa, magoti yamefika karibu na masikio, maua mapajani. Hakusema neno, na kwa hilo Tirtsa alimsamehe mengi.

"Kwa ndugu, ukichelewa sana, ndiyo umechelewa," Salo alisema baada ya muda, akiwa kama anaongea na soksi zake. "Kwa mzazi hakuna kuchelewa kurarua. Hata uwe na mvi. Matanga ndiyo yanafupishwa. Saa moja, yamekwisha."

Wakakaa hiyo saa. Watu walipungua, glasi zikakusanywa, mtu akazima nusu ya taa. Ukungu uliingia mlangoni kila mtu alipotoka, ukatambaa kidogo kwenye zulia, ukayeyuka. Tirtsa aliona kitu kimoja, akakiacha kipite: kwamba hakuna mahali palipomfaa zaidi kukaa duniani siku ile kuliko pale chini, ambapo mtu anaona mapindo ya makoti na viatu tu. Baba yake alikuwa anayaangalia pia, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho likatoka.

Saa ilipotimia Salo alivaa viatu. Tirtsa akamfunga kamba.

"Twende kwangu," alisema. "Nikuchemshie yai. Mfiwa hali chakula cha kwake, hupikiwa."

"Mawili," alisema Salo. "Nina njaa ya ajabu." Alijishika kwenye ukuta akasimama, akatulia hivyo. "Ulipozaliwa nilikuwa na jina lako tayari. Nililitembeza wiki nzima mdomoni. Nikashindwa kulitoa, kwa sababu ningekupa wewe, yeye angerudi aitwe nani?"

Tirtsa alisubiri, kama mtu anayesubiri ndege asiruke.

"Duifje," alisema Salo Velleman. Lilitoka jina zima, kwa sauti ya kawaida, kwenye ukumbi mtupu. "Mama yangu aliitwa Duifje."

Mlangoni baridi iliwapiga kifuani. Kola iliyoraruka ilipepea, na koti lilikuwa wazi. Tirtsa alisimama mbele ya baba yake, akashika kifungo cha chini, akakifunga. Akafunga cha pili. Cha tatu kilimponyoka, ikabidi arudie tangu mwanzo. Salo aliinua kidevu ili ampishe, macho yake juu kwenye ukungu. Alifungwa mpaka shingoni, na hakusema basi.